Tovuti ya Kofia za Salehe

Fadhila alipotoka eda, alirudi kwenye sindano yake. Kila alasiri alitandika mkeka barazani kwake, mtaa wa Mirongo, akaweka bakuli la nyuzi kando na kuanza kushona kofia. Kwa miaka mingi kazi hii waliifanya wawili. Mumewe, Salehe, alichora maua ya kofia, na yeye akayajaza kwa uzi. Sasa Salehe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na Idd ilikuwa inakaribia.

Siku hiyo alifika kwenye ua ambalo Salehe aliliita Kisiwa. Mkono ukasita. Duara la ndani lilizungukia kulia au kushoto? Hakukumbuka. Kofia zote zenye ua hilo zilikwisha kuuzwa. Hata hivyo hakuogopa, kwa sababu Salehe alikuwa amepiga picha kila ua na kuiweka kwenye tovuti yao. Huko ndiko wateja wa Musoma na Bukoba walikochagulia kofia.

Akachukua simu yake, akaifungua tovuti. Hapakuwa na kofia hata moja. Palikuwa na maneno tu: Akaunti hii imesimamishwa.

Alimwonyesha shemeji yake, Abdillah, mdogo wa marehemu.

"Labda ni mtandao, shemeji," Abdillah alisema. Akajaribu kwa simu yake. Maneno yakawa yale yale.

Abdillah akavuka njia kwenda kumwita Paskazia, jirani anayetengeneza tovuti za shule na za maduka. Siku za msiba, Paskazia alikuwa akiwaletea maji kila asubuhi, akiacha ndoo mlangoni bila kubisha, ili asimwamshe mfiwa.

"Shikamoo, Mama Bushra," Paskazia akamwamkia Fadhila.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hii."

Paskazia akasoma. "Tovuti yenu inakaa kwenye kompyuta za kampuni fulani. Mmepanga pale, kama mtu anavyopanga fremu ya duka. Muda ukiisha, wanafunga. Lakini kabla ya kufunga hukumbusha. Ujumbe wao ulikuwa unakwenda wapi?"

Fadhila akainamisha kichwa. "Kwenye simu ya marehemu. Tuliizima siku ya mazishi, tukaifungia sandukuni."

"Mimi ndiye niliyesema isiguswe," Abdillah akasema. "Niliona ni heshima."

"Na ilikuwa heshima," Paskazia akajibu taratibu. "Sasa tuiwashe kwa heshima ile ile."

Waliiwasha. Ujumbe ukaingia, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mwisho ulisema kwamba kila kitu kingefutwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Zikifutwa picha hizo, maua ya Salehe yamekwisha," Fadhila alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwenye simu alizifuta kila alipokwisha kuzituma kwa kampuni, na maua hayapo mahali pengine popote."

Paskazia akapiga simu kwa kampuni. Dada aliyepokea aliomba cheti cha kifo na cha ndoa. Abdillah akavipiga picha na kuvituma. Dada yule alitoa pole, tena pole ya kweli. Akasema wakilipia mwezi mmoja tu, angewafungulia.

Jioni tovuti ilifunguka. Paskazia akazipakua picha zote kwenye kompyuta yake, kisha akaziweka kwenye flashi mbili. Fadhila akaliona ua la Kisiwa. Duara lilizungukia kushoto. Akaligusa kwa kidole pale kwenye kioo.

"Tubaki na kampuni hii?" Fadhila alimwuliza Paskazia kesho yake.

"Ni watu wema, ila bei yao ni ya maduka makubwa. Tena hawakupi paneli."

"Paneli ndiyo nini?"

"Ni ukurasa wa kuendeshea tovuti yako. Unaingia kwa neno lako la siri. Ndani yake unaongeza picha, unafungua barua pepe, unachukua nakala ya kila kitu. Humwombi mtu."

"Salehe alikuwa akiwatumia picha, halafu anangoja siku nzima waiweke."

Abdillah akainua simu yake. "Nimepata hawa! Mwaka wa kwanza karibu bure."

"Na mwaka wa pili, shemeji?" Fadhila akauliza.

Abdillah akasoma maandishi madogo ya chini. Uso ukabadilika. "Duh! Hapa wananinyoa bila maji."

"Bei ya kuangalia ni ile ya kuendelea," Paskazia akasema. "Picha zenu si nyingi, basi msinunue nafasi kubwa. Ulizeni kama wanachukua nakala ya akiba kila siku. Ulizeni kama jina la tovuti litasajiliwa kwa jina lako, Mama Bushra, si la kampuni wala langu. Na wapigieni kabla hamjalipa."

Abdillah alipiga namba ya tangazo lile. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hawa hata pesa hawaitaki!" akasema, na Fadhila akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kampuni ndogo waliyoijaribu baadaye ilipokea mara moja. Ilieleza kila jambo kwa Kiswahili, na bei yake ya mwaka wa pili ilikuwa ile ile ya mwaka wa kwanza. Wakaichagua. Ujumbe wa kukumbusha ukaelekezwa kwenye simu mbili, ya Fadhila na ya Abdillah. Paskazia akahamisha picha, kisha akamfundisha Fadhila kuingia kwenye paneli. Alikosea, akarudia. Paskazia hakumpokonya kompyuta hata mara moja.

Kabla ya Idd, mteja wa Ukerewe aliagiza kofia za Kisiwa kwa ajili yake na wanawe. Fadhila alimjibu mwenyewe.

Mwaka ulipozunguka, Abdillah alikuja mbio barazani. "Shemeji! Wamekumbusha tulipie tovuti!"

"Nimeshalipa tangu asubuhi," Fadhila akasema bila kuinua macho. Alikuwa akimalizia ua jipya, la kwanza kulichora yeye. Alipokata uzi, aliipiga kofia picha, akaingia kwenye paneli na kuiweka chini ya maua ya Salehe.