Jisaidie Unaposubiri

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Chiriku na mama yake walisimama kando ya barabara kuu, mahali palipochorwa mistari myeupe ya kuvukia. Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili na kichwa chake kilimfikia mama begani, lakini hapo barabarani aliung'ang'ania mkono wa mama kama mtoto anayejifunza kutembea. Macho aliyafumba. Mama alitazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Haya, twende," kisha akamvuta. Upande wa pili Chiriku alifumbua macho, akafuta jasho la viganja kwenye sketi na kuingia shuleni. Mama alivuka tena mbio mbio kwenda kiwanda cha kushona sare, na karibu kila siku alikuta wenzake wameshawasha vyerehani.

Jina la Chiriku alipewa na kaka yake kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Siku hizi jina lilikuwa halimfai tena, maana alikuwa mkimya kama redio iliyoisha betri. Miezi minne iliyopita kaka huyo aligongwa na pikipiki kwenye mistari hiyohiyo, mbele ya macho yake. Aliumia mguu, akalazwa, akapona. Sasa alitembea na mkongojo mmoja na kuvuka barabara apendavyo, akiyapungia magari mkongojo wake kama mheshimiwa anayesalimia wapiga kura.

Hilo ndilo lililomchanganya Chiriku kuliko yote. Aliyegongwa anavuka. Yeye, ambaye hakuguswa hata na vumbi, havuki bila kushikwa mkono. Sasa mgonjwa ni nani hapo?

Siku moja msimamizi wa kiwanda alimwita mama pembeni. "Nakuvumilia kwa sababu mkono wako ni mzuri," alimwambia. "Lakini wiki sita zikiisha na bado kengele inakukuta nje ya geti, cherehani yako nampa mwingine."

Kesho yake mama aliomba ruhusa, akampeleka Chiriku kwenye kliniki ya ushauri nasaha. Ilikuwa na ukumbi mwembamba, viti vya plastiki na watu wengi waliokaa bila kutazamana. Dada wa mapokezi aliandika jina la Chiriku kwenye daftari kubwa.

"Wewe ni namba thelathini na moja," alisema. "Rudi baada ya wiki kumi."

"Kumi?" mama aliuliza. "Mimi nimepewa sita tu kazini."

"Washauri ni wawili, mama. Watu ndio hao unaowaona, na wengine wako nje wanaota jua."

Mshauri kijana, dada mwenye sauti ya pole, aliyasikia hayo kutoka chumbani kwake. Alitoka na kijitabu chembamba chenye jalada la kijani. "Chukua hiki, mdogo wangu," alimwambia Chiriku. "Kina mazoezi ya kupunguza hofu kidogo kidogo, wakati unangoja zamu yako."

Kabla Chiriku hajakipokea, mlango wa pili ulifunguka. Mshauri mzee alisimama hapo, kalamu imekaa juu ya sikio.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mwenzake. "Binti, tumelizungumza hili. Mtu anakuja hapa kutafuta mtu, sisi tunampa karatasi? Akishindwa huko peke yake, atadhani kosa ni lake."

"Na asipopewa, mzee wangu? Wiki kumi zote akae hivi hivi?"

"Akae, ndiyo. Kungoja hakumharibu mtu kama kujitibu vibaya."

"Kungoja nako kunaharibu. Wewe huwaoni wanavyorudi wamechoka?"

Mama alimtazama huyu, akamtazama yule. "Samahanini," alisema. "Sasa mtoto akichukue au akiache?"

Washauri walitazamana. Mwishowe mzee alipunga mkono. "Kichukue. Mtarudi nacho baada ya wiki nne, nikione kwa macho yangu."

Chiriku alikipokea kijitabu kama mtu anayepokea chakula ambacho mmoja amekisifia na mwingine amekikunjia pua. Walipopita mapokezi, yule dada alikitupia jicho na kusema, kama watu wanavyosema jambo la kupitisha muda, "Hicho kina mambo yake. Wengine wakishakipata hawarudi, basi tunawafuta."

Neno hilo moja Chiriku alikwenda nalo nyumbani.

Kaka alikipokea kijitabu, akasoma jalada kwa sauti ya bungeni. "Jisaidie Unaposubiri." Akakigeuza huku na huku. "Hapo hapo kwenye viti? Kwani choo chao kimeharibika?"

"Ni kujipa msaada, wewe," mama alisema, akijitahidi kukunja uso.

"Basi wangeandika hivyo. Mtu akimwambia dada wa mapokezi kwamba anataka kujisaidia, anapewa kitabu au ufunguo?"

Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akashindwa kujizuia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne nyumba hiyo kusikia kicheko chake.

Ndani ya kijitabu mlikuwa na picha ya ngazi. Kila kipandio kilikuwa zoezi moja dogo: simama mbali na kitu kinachokutisha, pumua polepole, kisha andika namba ya hofu yako, kuanzia sifuri hadi kumi. Namba ikishuka, panda kipandio kinachofuata. Basi kila jioni, jua likiwa bado lipo, Chiriku na kaka yake walikwenda barabarani. Siku za kwanza walisimama mbali, penye duka la vioo. Chiriku aliandika tisa. Wakasogea hadi kwenye nguzo ya taa, akaandika nane. Wakasogea tena.

"Pumua, mdogo wangu," kaka alimwambia. "Usipumue kama unapuliza moto wa kuni mbichi. Taratibu."

Wiki ya tatu Chiriku alivuka. Alivuka macho wazi, bila kushika mkono wa mtu, kaka akimtazama kutoka ng'ambo. Moyo ulimdunda, ndiyo, lakini miguu ilikuwa yake. Alikaa juu ya ukingo wa mtaro, akatoa penseli ili aandike nne. Penseli ikasimama hewani. Alilikumbuka lile neno: tunawafuta.

Akipona, atafutwa kwenye daftari. Akifutwa, hatamwona mshauri kamwe. Na Chiriku alimhitaji mshauri, kwa maana kulikuwa na jambo moja kuhusu siku ya ajali ambalo hakuna ukurasa wa kijitabu uliowahi kumuuliza. Kwa hiyo apone au asipone? Akipona, mama atawahi kazini. Asipopona, atapata wa kumwambia jambo lake. Alizungusha mawazo hayo mpaka kichwa kikamuuma, kisha akaandika tisa. Alipofika nyumbani alichukua kifutio, akafuta na namba zote za nyuma. Akajaza tisa, tisa, tisa, na mahali pamoja kumi.

"Usimwambie mama kwamba nimevuka," alimwomba kaka. "Nataka kumshtukiza." Kaka alifurahi, akafunga mdomo wake kwa ufunguo wa vidole.

Asubuhi zilizofuata Chiriku aliendelea kufumba macho na kung'ang'ania mkono wa mama. Zamani aliogopa kweli. Sasa aliigiza, na ajabu ni kwamba kuigiza kulimchosha zaidi. Jioni moja mama alirudi, akakaa bila kuvua viatu. "Leo wamemkalisha msichana mwingine kando yangu," alimwambia kaka. "Ati ajifunze cherehani yangu." Chiriku alikuwa anaosha vikombe. Kimoja alikiosha mara tatu.

Wiki nne zilipotimia, walirudi kliniki. Safari hii waliitwa chumbani kwa mshauri mzee, na mshauri kijana alikuwemo. Mzee alifungua kijitabu, akateremka na kidole.

"Tisa. Tisa. Tisa. Kumi." Alivua miwani. "Binti, wawili kati ya uliowapa kabla hawakurudi kabisa. Huyu amerudi, na hofu yake imepanda. Sina furaha kusema hivi, lakini tuvikusanye. Visigawiwe tena."

Mshauri kijana hakubisha. Alichukua boksi lililokuwa chini ya meza, akatoka nalo ukumbini, na mlango ukabaki wazi. Chiriku alimwona akiinama mbele ya fundi bomba mmoja, mwanamume mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa amekunja kijitabu chake kwenye mfuko wa shati.

"Hiki, dada?" fundi alisema. "Hiki niachie. Ukurasa wa kupumua ndio unaonipa usingizi."

"Samahani sana, kaka. Tunavirudisha vyote."

Fundi alikitoa, akakinyoosha jalada kwa kiganja, akakitia ndani ya boksi polepole. Baadaye hakujua aiweke wapi mikono yake.

Chiriku alimgeukia mshauri mzee. "Si tisa," alisema.

"Nini, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Siku niliyovuka ilikuwa nne. Za kabla yake nilizifuta zote. Ukitazama vizuri, alama zipo."

Mzee alikisogeza kijitabu kwenye mwanga wa dirisha. Mama alimgeukia Chiriku na kumtazama kama anavyotazama mshono uliokwenda upande.

"Nne?" mama aliuliza. "Kwa hiyo asubuhi zote zile, mkono wangu ulikuwa unaushikia nini?"

Machozi yalimtoka Chiriku. Mshauri mzee hakumwambia anyamaze. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, akangoja.

"Nikipona mtanifuta," Chiriku alisema mwishowe. "Dada wa mapokezi alisema mnawafuta."

"Tunamfuta mtu aliyeacha kuja na hatumpati kwenye simu. Hatumfuti mtu kwa kupata nafuu." Mzee alisugua paji la uso. "Lakini hilo ungelijuaje, kama hakuna aliyekuambia? Hapo tumekosea sisi. Sasa niambie, kama unavuka, kwa nini uliogopa kufutwa?"

"Kuna jambo halimo kitabuni."

"Liseme."

Chiriku alitazama sakafu. "Siku kaka alipogongwa, mimi nilikuwa nimeshavuka. Paka alikuwa amezaa ndani ya boksi, karibu na ukuta wa shule. Nikampigia kaka kelele. Nikamwambia, kimbia, utakosa. Akakimbia. Mimi ndiye niliyemwita."

Mama alifunika mdomo kwa mkono, kisha akakivuta kichwa cha Chiriku kifuani, ijapokuwa alikuwa bado na hasira.

"Miezi yote hii umekaa na hilo peke yako," mshauri mzee alisema. "Ni kweli, halimo kitabuni. Na hata lingekuwemo, ukurasa hausikilizi. Hilo ndilo tutakalolizungumza zamu yako ikifika, na itafika. Mpaka hapo shika neno hili moja: mtoto anayemwita kaka yake aje kutazama watoto wa paka hajatenda kosa."

Aliandika jambo fulani kwenye karatasi, akainuka hadi mlangoni. "Binti," alimwita mshauri kijana, "warudishie. Na uanze na huyo fundi."

Mshauri kijana alibaki ameshika boksi. "Mzee wangu, sasa nimechanganyikiwa mimi."

"Hata mimi. Ngazi imemvusha mtoto barabara, hilo nalikubali. Lakini mtu asipewe kijitabu halafu akaachwa nacho. Kila Alhamisi tuwapigie simu, dakika tano kila mmoja. Na kwenye ukurasa wa kwanza tuandike kwamba ukipata nafuu, nafasi yako haifutwi."

"Simu za Alhamisi ndizo nilizoziomba tangu mwaka jana."

"Basi ulikuwa umeomba vizuri," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Mama alilisema lake asubuhi iliyofuata, waliposimama kando ya mistari myeupe.

"Nilikasirika jana, na bado nimekasirika kidogo," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Anayetaka kukusaidia hana macho ya kuona ndani yako. Anakwenda kwa yale unayomwambia. Ukimwambia uongo, unampoteza njia yeye, unajipoteza mwenyewe, na unawapoteza watu usiowajua, kama yule fundi. Usipoelewa jambo, uliza. Ukiwa na kinachokuuma, kiseme. Na nafuu usiifiche, hata ikiwa ndogo namna gani, maana umeifanyia kazi."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Leo ni ngapi?"

Chiriku alifikiri. Alitamani kusema tatu, ili mama afurahi. Lori lilipita, na upepo wake ukaipeperusha sketi yake.

"Leo ni tano," alisema. "Siku ile na kaka ilikuwa nne. Sijui kwa nini imepanda."

"Tano ni tano," mama alisema. "Nenda nayo hiyohiyo." Akauachia mkono wake.

Chiriku alitazama kulia, akatazama kushoto. Alipumua taratibu, akavuka macho wazi, na alipofika ng'ambo aligeuka. Mama alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kiwandani, hakimbii, na kengele ilikuwa bado haijalia.