Somo la Kuacha

"Shikamoo, bibi."

Zipora aligeuka aone ni bibi gani anayeamkiwa, na hakuona bibi yeyote. Uwanja wa kinu cha pamba ulikuwa umefurika watu, baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe. Magunia yalipangwa hadi ukingoni mwa barabara ya Shinyanga, na nyuzi nyeupe zilielea hewani na kutua juu ya kila mtu. Mbele yake alisimama kijana mrefu aliyevaa koti la kahawia, suruali ya kaki iliyonyooshwa vizuri kwa pasi, na viatu vinavyong'aa mahali ambapo hakuna kiatu kilichokuwa na haki ya kung'aa. Alikuwa amevua kofia na kuinamisha kichwa kwa heshima zote.

"Nywele zako zote nyeupe," alisema. "Mtu mzima lazima aamkiwe."

Zipora alijigusa kichwani, akatoa kipande cha pamba. Msichana mwingine angeona haya. Yeye alikuwa darasa la kumi katika shule ya bweni, na maisha ya bwenini yalikuwa yamemnoa ulimi.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu. "Umekua. Na hilo koti umeazima kwa nani?"

Kijana alicheka mpaka akakohoa. Akasema ni vumbi la pamba, akajitaja jina: Nkwabi, mtoboa mwamba katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, yuko likizo. Koti ni lake, viatu ni vyake, na kama bibi ana mzigo, hata mabega ni ya kwake. Zipora alimwonyesha magunia ya baba yake. Nkwabi alivua koti, akalikunja kwa uangalifu kama mtoto mchanga, akabeba magunia hadi kwenye mizani huku Mzee Mihayo, baba yake Zipora, akimtazama kwa jicho la mtu anayepima ng'ombe dume mnadani.

Hiyo ilikuwa Julai, mwaka 1956. Kila likizo ya Zipora iliyofuata ilimkuta Nkwabi Shinyanga, mara ana shughuli mjini, mara amekuja kumwona shangazi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Walitembea pamoja hadi stesheni na kurudi, bila safari. Walikaa kwenye baraza la fundi cherehani wakala karanga na kugombana juu ya nani anaandika barua fupi. Nkwabi hakuacha kumwita bibi. Mwaka uliofuata alituma posa kwa Mzee Mihayo, ikapokelewa, na ndoa ikawekwa baada ya Zipora kumaliza masomo. Masomo gani, mpaka wapi, hakuna aliyeuliza. Wazee walidhani ni darasa la kumi na mbili. Zipora alikuwa akifikiria Makerere.

Alitaka udaktari, na hakuutaka kwa ajili ya sifa. Mama yake alikuwa amezika watoto wachanga, mmoja baada ya mwingine, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia walikufa kwa nini. Zipora alikua akipita kando ya makaburi yale madogo nyuma ya zizi, na alitaka kujua.

Mwisho wa darasa la kumi na moja mwalimu mkuu, Mzungu mwembamba aliyevaa soksi hata jua likiwaka, aliwaita wasichana mmoja mmoja. Aliwaeleza kwamba mwaka wa mwisho vipindi vya Biolojia na vya Mapishi na Ushonaji vitagongana, kwa hiyo kila mmoja aache somo moja. Anayeacha Biolojia asahau kuomba udaktari. Anayeacha Mapishi ajue kwamba wazazi wengi hawatafurahi, maana ndilo somo wanalojivunia mbele ya wakwe. Atakayejuta anaweza kurudi nyuma darasa moja shule itakapofunguliwa Julai, na si baadaye. Lakini hakutaka kusikia uamuzi kutoka kwa msichana. Alitaka mzazi aje aseme kwa mdomo wake, au amtume mtu amsemee.

Mzee Mihayo alikuwa hajawahi kupanda treni, na Kiswahili chake kiliishia sokoni. Akafanya kama mzee yeyote wa Kisukuma mwenye mkwe mzuri angefanya: akamtuma mkwe. Kumsemea baba mkwe ni heshima, na kijana anayetumwa hivyo hujua kwamba amekwisha kuwa mtoto wa nyumba. Alimkalisha Nkwabi, akampa neno. Neno lenyewe lilikuwa kwamba Zipora achague mwenyewe.

Nkwabi alilipokea neno hilo, akapanda nalo treni. Kwa bahati mbaya hakupanda nalo peke yake. Siku chache kabla ya hapo dresa wa zahanati ya mgodini alikuwa amemwekea sikio kifuani na kumwambia bila kuficha kwamba vumbi la mawe limekwisha kujaa humo. Wanaume aliowasikia wakikohoa namna ile hawakuona mvua nyingi. Nkwabi hakumwambia mtu. Njia nzima alikuwa akifikiria Kampala ilivyo mbali, na miaka ya udaktari ilivyo mingi.

"Baba wa Zipora anasemaje?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Mzee anasema abaki na Mapishi."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Yalipokwisha kutoka, hakuyarudisha, na hilo la pili ndilo kosa lenyewe. Alishukuru, akavaa kofia, akatoka.

Zipora aliambiwa neno la baba yake, akalimeza. Binti wa Kisukuma hamkabili baba yake na kumwuliza kwa nini umesema hivi, hasa neno lililopelekwa mbele ya Mzungu na kupokelewa. Alirudi nyumbani akampigia magoti na kumwamkia, akampelekea ugali na maji ya kunawa, na zaidi ya hapo hakumpa kitu. Hakumsimulia habari za shule. Hakucheka mzee alipotania. Mzee Mihayo, aliyekuwa amezoea binti yake amsomee magazeti, alikaa peke yake jioni na hakuelewa amekosa nini.

Januari Zipora alianza kushona foronya. Alimwandikia Nkwabi barua yenye hasira, akisema hana baba tena. Wiki mbili baadaye akaitwa ofisini kupokea simu kutoka Mwanza, na mwalimu mkuu akabaki palepale akijifanya anasoma.

"Bibi, shikamoo," ilisema simu, kwa mbali, ikikwaruza.

"Marahaba. Mwanza unafanya nini?"

Alisema amekuja kununua kitambaa cha suti ya harusi. Ukweli ni kwamba alikuwa ametoka kupigwa picha ya kifua, na dresa hakuwa amekosea. Akamsihi asimchukie baba yake. Alirudia mara mbili, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, na Zipora akadhani ni simu mbovu. Aliweka chini mkono wa simu akijiambia kwamba amepata mwanamume mwenye moyo kuliko wote. Hakuna kitu kilichokuja kumuuma baadaye kuliko kukumbuka fahari ile.

Likizo ya Juni, Mzee Mihayo alishindwa kuvumilia. Alimwita Zipora uani, akamwambia akae kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mwanangu, unanihukumu kwa kosa gani?"

Zipora alitazama chini. Mwisho msichana akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alitaka Biolojia.

"Na mimi nilikukataza lini?" mzee aliuliza. "Nilimwambia mwenzio aseme uchague mwenyewe. Nimezika watoto nisijue kilichowaua. Ningekukataza vipi wewe unayetaka kujua?"

Zipora alipiga magoti, akamshika baba yake miguu, akalia. Mzee naye alilia, kwa namna ya wazee, akitazama pembeni. Hakuna aliyelitaja jina la Nkwabi, ingawa wote wawili walikuwa wakimfikiria.

Zipora alipanda lori la mizigo lililopitia Kharumwa, akafika Geita na gauni lake la bluu limegeuka rangi ya barabara. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima. Mgodini walimwelekeza kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi, cha mwisho, na hakuhitaji kubisha kwa sababu mlango uliachwa wazi mgonjwa apate hewa. Koti la kahawia lilining'inia msumarini. Mtu aliyekuwa kitandani asingeweza kulijaza tena.

"Baba ameniambia," alisema Zipora akiwa bado mlangoni.

Nkwabi hakuuliza ameambiwa nini. "Ni kweli," alisema.

"Kwa nini?"

"Niliambiwa kifua kimekwisha. Nikaona ukienda Kampala nitakufa sijakuoa. Nilitaka uwe mke wangu hata kwa muda mfupi. Sina sababu nyingine, na hiyo si nzuri."

"Ungeniambia unaumwa."

"Ungebaki kwa huruma."

"Kwa hiyo ukaona afadhali unibakishe kwa uongo." Aliingia, akasimama kando ya kitanda. "Nusu mwaka nimemhudumia baba yangu kama mgeni nisiyempenda. Alinivumilia, maskini, na hajui kosa lake. Unaelewa ulichofanya?"

Alitaka kuendelea, lakini Nkwabi alianza kukohoa, na kikohozi hakikumpa nafasi mtu yeyote. Zipora alishika beseni. Alipoona kilichokuwa ndani yake, maneno yote aliyoyapanga kwenye lori yalimpotea. Alikuwa amekuja kumchukia, akashindwa, na kushindwa huko kulimtia hasira zaidi.

Alikaa pale hadi likizo ilipokaribia kwisha, akilala kwa mke wa jirani. Alipika uji, alifua, alimgeuza kitandani. Siku nyingine walicheka kabisa. Nkwabi alimkosoa uji, akasema mwenye Mapishi ya darasa la kumi na mbili hastahili kupika uji wa madonge, na Zipora akamwambia bora uji wake, una madonge tu, hauna uongo. Kisha Zipora akamshika mkono. Kumsamehe hakukutokea siku moja. Kulikuja kidogo kidogo, kati ya kazi na kazi.

Siku ya lori la mwisho la kurudi, Zipora alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimeongea na mchungaji," alisema. "Anaweza kutufungisha ndoa Jumapili. Nikibaki nitakuwa mkeo hadi mwisho, na shule haipokei mke wa mtu. Nikienda, Julai naanza Biolojia na darasa la nyuma, na nikirudi sitakuwahi."

Nkwabi alikuwa akitazama dari.

"Kwanza ulisema kwa mdomo wa baba yangu. Sasa sema kwa wako, mimi nikisikia. Nibaki au niende?"

Tusimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao. Aliogopa kufa peke yake. Hakukuwa na kitu duniani alichokitaka kuliko Jumapili ile, na alijua kwamba neno moja lingetosha, kwa sababu Zipora alikuwa amekwisha kuvua viatu.

"Nenda," alisema.

"Ndicho unachotaka?"

"Ndicho ninachotaka."

Alikuwa akidanganya. Zipora aliuona uongo usoni mwake waziwazi, na angeweza kumwambia. Badala yake aliweka kichwa juu ya kifua kile, akasikiliza kwa muda sauti iliyokuwa ikikwaruza ndani yake. Kisha akavaa viatu. Mlangoni hakugeuka, kwa sababu angegeuka asingetoka.

Nkwabi alikufa Oktoba, mvua za kwanza zikianza. Habari ilifika shuleni Zipora akiwa kwenye kipindi cha Biolojia. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuja kumwita nje, akamweleza taratibu, akamwambia ana ruhusa ya kwenda bwenini na ya kulia. Zipora alishukuru, akasema atamaliza kipindi kwanza. Wenzake walipopata habari walisema msichana huyu hana moyo, na wengine waliendelea kusema hivyo kwa miaka. Alirudi kwenye kiti chake, akamwomba jirani yake amwonyeshe walipofikia, akaendelea kuchora.