Mguu Nilioutoa Nje ya Leso

"Usicheke, Warigia. Ukicheka atajua si mimi," Wanja alininong'oneza.

Tulikuwa tumepangwa mstari mmoja nyumbani kwao Witeithie, wasichana kadhaa tuliofunikwa leso toka utosini mpaka chini. Ilikuwa siku ya ruracio yake, wakwe wameleta mahari, na kwetu Wakikuyu bwana harusi hapewi bibi hivi hivi. Lazima amtambue chini ya leso. Akishika asiye wake anapigwa faini ya mbuzi, na watu wanacheka hadi wanakohoa.

Wanja hakuwa hata rafiki yangu wa karibu. Alikuwa mteja. Mimi ni fundi wa nguo pale Ruiru, na gauni lake la siku hiyo nililishona mimi, nikawa nalijaribu mwilini mwangu kwa sababu kiuno, mabega na urefu wetu ni sawa. Alipokuja kulichukua akanikuta nimelivaa, akacheka, akaniomba nije nisimame naye kwenye mstari ili huyo Njau wake akione cha mtema kuni. Nikakubali. Na Jumamosi ilipofika nilikuwa huru hata hivyo, maana asubuhi Bedan alikuwa amenitumia ujumbe: "Babe niko Nakuru kwa training ya kazi. Network ni mbaya. Tutaongea kesho."

Bedan alikuwa mwanamume wangu kwa miaka minne. Alifanya kazi kiwandani Thika, akiishi Kamenu, na kila mwaka aliahidi kuja kujitambulisha kwa mama yangu kule Mugutha "mvua ikiisha." Mama alishapaka sebule rangi mara mbili akingoja wakwe. Majirani waliuliza mpaka wakachoka. Mimi nilikuwa na jibu la kila kitu: kazi imembana, babake anaugua, wanaume wa siku hizi ni waoga. Nilimtetea kuliko wakili aliyelipwa.

"Haya, bwana harusi, kuja uchukue wako," aliita tata yake Wanja, dadake mkubwa wa babake. "Na usipapase watu. Hapa si sokoni."

Watu wakacheka. Mimi nikatazama chini, kwa sababu ukiwa ndani ya leso huoni kitu kingine ila ardhi na miguu ya anayekuja.

Kwanza nikaona viatu. Viatu havikuniambia lolote. Kisha nikaona suruali. Nyeusi, mguu wa kushoto umekunjwa juu kidogo kuliko wa kulia, na pindo limeshonwa kwa uzi wa buluu. Bedan aliwahi kuvunjika mguu akicheza mpira, ukapona ukiwa mfupi, na hakuna fundi mwingine aliyejua kumkunjia suruali. Uzi ule wa buluu niliutumia mimi siku mweusi uliponiishia. Alisema hakuna atakayeuona.

Bedan Njau. Mimi nilikuwa nikimwita kwa jina moja, mwenzangu kwa lile lingine.

Ningeweza kuivua ile leso nikapiga nduru. Lakini wacha niseme vile ilivyokuwa: nilitumaini. Hata pale, miguu yake ikija polepole kwenye mstari, moyo wangu mjinga ulikuwa ukimtafutia sababu. Labda amelazimishwa na kwao. Labda akijua niko hapa atanishika mkono mbele ya watu wote na mambo yaishe.

Tulikuwa tumeambiwa tufiche miguu. Nikausukuma wangu wa kulia nje ya leso. Juu yake, kati ya mikanda ya sandali, kuna kovu la pasi ya makaa iliyoniangukia dukani. Bedan ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati, ndiye aliyenibadilishia bandeji mpaka kidonda kikakauka. Kovu lile alilijua kuliko mimi.

Viatu vikasimama mbele yangu. Alisimama sana.

"Ni huyo?" tata akauliza. "Sema tusikie."

"Hapana," Bedan akasema. "Huyu simjui."

Akapita, akamshika Wanja mkono, na vigelegele vikapasua hewa. Leso zikavuliwa. Hakunitazama hata kidogo.

Nilizunguka nyuma ya jikoni, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia nikiwa nimeuma kiganja ili akina mama waliokuwa wakipakua chakula wasinisikie. Huko ndiko Wanja alikonikuta, amevaa gauni nililomshonea, amenishikia soda.

"Warigia, ni nini? Umeumia?"

Kabla sijajibu simu ikaita mkononi mwangu. Jina la Bedan likatokea, na picha yake akicheka ikajaa kioo chote. Wanja akaiangalia. Sikuificha.

"Huyo ni Njau," akasema polepole. "Ameniambia anaenda choo."

Nikaiweka simu kwa spika.

"Warigia, usiongee, nisikize kwanza," sauti yake ilikuwa ya chini, ya haraka. "Hii maneno ni ya wazazi. Unajua vile mzee wangu ako. Wewe ndio moyo wangu, hata wewe unajua. Enda nyumbani, usimwambie Wanja kitu, na Desemba nakuja kwa mathe yako. Haki naapa."

Kibaya zaidi ni kwamba kuna sehemu yangu iliyoanza kuhesabu miezi mpaka Desemba.

"Uliona mguu wangu?" nikamuuliza.

"Niliona."

"Ukajua ni mimi?"

"Nilijua. Sasa ningefanya nini na watu wote hao?"

"Ungepita tu, Bedan. Hukuwa na haja ya kusema hunijui."

"Ilikuwa tu kusema, babe."

Nikakata simu. Nakuru ilikuwa tu kusema. Mvua ikiisha ilikuwa tu kusema. Niliumia, lakini ile hesabu ya miezi iliisha kichwani.

Wanja alikuwa ameketi chini kwenye nyasi na gauni lake jipya, soda imemwagika kando.

"Huo mguu uliutoa makusudi?"

"Ndiyo. Nisamehe, Wanja. Nilitaka anichukue mimi."

Hakunitukana. Aliliangalia lile kovu kwa muda mrefu.

"Nilikuwa hapo kando yako nikimsikia akisema hakujui," akasema. "Na nikafurahi. Nikasema huyu mwanaume habahatishi."

Alijifuta macho kwa leso, akainuka, akaenda kumtafuta tata yake. Mimi sikungoja. Nilikuwa nishafika barabarani wakati lori la wakwe liliponipita likirudi Thika, mbuzi wa mahari wakiwa juu yake vile vile walivyoletwa, wazee wamebanana mbele wakitazama upande mwingine. Nilidhani ningefurahi. Sikufurahi hata kidogo.

Nilimkuta mama mlangoni akichambua maharagwe kwenye uteo. Aliniuliza kama watu walikuwa wengi, kama chakula kilitosha. Halafu akauliza kile anachouliza kila mara.

"Na Bedan anasemaje? Nataka kujua kama ninunue rangi kabla mvua haijaanza."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la kazi kumbana. Nikalimeza.

"Usinunue, Mama. Hakuna mtu anakuja. Hakuwa anakuja tangu mwanzo."

Mama akauweka uteo chini.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Ile rangi nilikuwa napaka ili usione kwamba naona."

Nikavua viatu, nikaketi kando yake, nikalia kwa sauti. Na safari hii sikumtetea mtu.