Kizibo Kilichofungwa kwa Waya

Baridi ya Mbeya haina adabu. Mwezi wa Juni huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, na kukaa jikoni kama mwenye mji. Lakini mwaka ule wa 1956, mama mmoja aliyeitwa Ikupa hakuilalamikia. Baridi ilikuwa inamletea wateja.

Ikupa alikaa chini ya mlima Loleza na mume wake Asukile, fundi wa baiskeli. Binti yao aliitwa Tupokigwe, kwa hiyo majirani walimwita Ikupa Mama Tupokigwe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza soda ya tangawizi. Alitwanga tangawizi, akaichemsha na sukari, akaiacha ipoe, kisha akatia hamira. Aliijaza katika chupa tupu za bia na kuziba kila chupa kwa kizibo. Baada ya siku tatu soda ilikuwa tayari. Ukiifungua inalia fyuu, na ukiinywa unasikia kifua kinapata moto.

Kila Ijumaa Bwana Mulji, mwenye duka kule Chimala, alipanda Mbeya na lori lake kununua bidhaa. Siku moja alionja soda ile, akafunga macho.

"Mama Tupokigwe," alisema, "kule kwetu bondeni ni joto tupu, na watu wana kiu. Hii itauzika kuliko chumvi. Nipe kreti mbili."

Ikupa alimpa. Kreti mbili zikawa nne, nne zikawa sita.

Mwezi wa Septemba Mulji alileta habari huku akicheka. "Mama, vizibo vyako vinaruka! Juzi kimoja kimegonga bati, mteja wangu akalala chini. Alidhani ni bunduki."

Wote walicheka. Asukile aliinua koleo lake. "Hiyo ni kazi ndogo," alisema. Tangu siku ile alifunga kila kizibo kwa waya, akaukaza barabara. Vizibo vikatulia. Lakini hakuna aliyejiuliza kwa nini vilikuwa vinaruka. Wakati mwingine sisi binadamu tuko hivyo. Mlango ukipiga kelele tunauwekea jiwe, hatuangalii upepo unatoka wapi.

Ijumaa moja ya Oktoba Mulji alikuja bila kicheko. Alikuwa na kitu kidogo kimefungwa kwa kitambaa.

"Kuna mama anaitwa Esta," alisema. "Anapeta mpunga karibu na duka langu. Shemeji yake alinunua chupa moja ya soda yako, akampa. Alipoishika tu, chupa ikapasuka mkononi."

"Ee Kyala, Mungu wangu!" Ikupa alisema. "Ameumia?"

"Kiganja cha kulia kimechanika. Alishonwa, akalala zahanati siku tano. Vidole viwili havikunjiki. Shemeji yake anataka kwenda mahakamani."

Mulji alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na shingo ya chupa iliyovunjika. Kizibo kilikuwa bado mahali pake, na waya umekaza vilevile.

Mulji alipokwenda kupakia sukari, Asukile alisogea karibu na mke wake.

"Kitupe chooni," alisema kwa sauti ndogo. "Sisi huyo Esta hatumjui. Hakununua kwetu, wala hakununua kabisa, alipewa. Sisi tulimwuzia Mulji. Na huyo Mulji anaweka kreti barazani juani. Basi kosa ni lake."

Ikupa aliichukua ile shingo ya chupa. Aliogopa. Aliogopa jela, aliogopa kupoteza biashara yake, na zaidi ya yote aliona haya mbele ya mkono asiopata kuuona. Alikifunga kile kipande tena katika kitambaa, akaenda nacho kwa jirani yao, Sedekia.

Sedekia alitoka Iringa, naye alikuwa karani wa wakili mmoja pale mjini. Alikuwa ameketi nje ananoa panga.

"Kamwene, karani," Ikupa alisalimia.

"Kamwene, mama. Leo umenisalimia kwa lugha ya kwetu. Basi una shida kubwa."

Ikupa alimweleza yote, akamwonyesha kile kipande. Sedekia alikigeuzageuza.

"Kwanza," alisema, "usikitupe. Huu ni ushahidi. Ukificha ushahidi, unaongeza kosa la pili juu ya la kwanza."

"Nitafungwa, karani?"

"Kwa jinsi ulivyonieleza, hii si kesi ya jinai. Mwizi na mpigaji wanashtakiwa na serikali, nao wanaweza kufungwa. Hii ni kesi ya madai. Mtu ameumia, naye anamdai aliyemsababishia madhara. Mahakama ikiona ana haki, itaamuru alipwe. Malipo hayo yanaitwa fidia."

"Lakini mimi sikukusudia kumkata mtu."

"Najua. Sheria haiulizi tu kama ulikusudia. Inauliza kama ulikuwa mwangalifu. Mtu akikosa uangalifu ambao mtu mwenye akili timamu angekuwa nao, huo unaitwa uzembe."

Ikupa alikumbuka maneno ya mume wake. "Asukile anasema huyo mama hakununua kwetu."

Sedekia aliliweka panga chini. "Wengi wanasema hivyo. Sikiliza. Pale Nyololo fundi mmoja aliuza ngazi. Ubao mmoja ulikuwa umeliwa na wadudu, akaziba matundu kwa nta na kupaka rangi. Aliyenunua hakuanguka. Aliyeanguka ni jirani aliyekuja kusaidia kuezeka. Je, fundi alijua kwamba watu wataipanda ile ngazi?"

"Alijua. Ngazi ni ya kupandwa."

"Basi alikuwa na wajibu kwa yeyote ambaye angeipanda. Nawe ulijua kwamba soda yako itashikwa na kunywewa. Mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji, hata kama hawajawahi kuonana. Anayedai inampasa aonyeshe mambo matatu. Kwamba ulikuwa na wajibu kwake. Kwamba hukuutimiza. Na kwamba ameumia kwa sababu hiyo. Moja likikosekana, madai yanaanguka."

"Na Mulji aliyeziweka juani?"

"Mulji naye ana mzigo wake. Muuzaji anatakiwa kuuza kitu kinachofaa, na kukitunza. Mahakama inaweza kugawa lawama. Lakini nikuulize. Ulimwambia kwamba soda hii haitaki joto?"

"Hapana. Sikujua. Hapa Mbeya hazijapasuka hata moja."

"Kwa sababu hapa ni baridi. Hamira inakwenda polepole. Ukiipeleka Chimala kwenye joto inachacha kwa nguvu, hewa inajaa ndani ya chupa, inatafuta pa kutokea." Sedekia alimtazama. "Hapakuwa na dalili yoyote kabla ya hapo?"

Ikupa alikitazama kile kizibo chenye waya. Angeweza kusema hapakuwa na dalili. Nani angejua? Mulji mwenyewe alikuwa amecheka na kusahau.

"Vizibo vilikuwa vinaruka," alisema hatimaye. "Tukavifunga kwa waya."

Sedekia aliugusa ule waya kwa kidole. "Hapo ndipo penye uzito, mama. Kizibo kilikuwa kinakuonya, nanyi mkakifunga mdomo. Hatari usiyoweza kuijua, pengine utasamehewa. Hatari uliyoonyeshwa ukaipuuza, hiyo ndiyo uzembe wenyewe. Mimi ni karani tu, si wakili. Kama mambo yatafika mahakamani, nenda kwa bwana wakili. Lakini watu wanaweza kupatana kabla ya kesi, na mapatano yakiandikwa yana nguvu. Nenda Chimala. Mwone aliyeumia."

Asukile alikasirika aliposikia. "Unakwenda kujitia kitanzi mwenyewe!"

"Waya uliufunga wewe, soda niliitengeneza mimi," Ikupa alimjibu. "Tutakwenda wote wawili."

Asukile akanung'unika, lakini Ijumaa iliyofuata alipanda lori la Mulji pamoja na mke wake na Sedekia. Walipoteremka bondeni joto liliwapokea. Ikupa alivua shuka, kisha sweta. Alifikiri juu ya chupa zake zilizopita njia ile ile, zimezibwa, hazina cha kuvua.

Esta alikuwa amekaa kwenye mkeka, amelaza ungo mapajani. Alikuwa anajaribu kupeta kwa mkono wa kushoto, na mpunga ulikuwa unamwagika. Shemeji yake alisimama nyuma, uso umekunjwa.

"Wewe ndiye mwenye chupa?" Esta aliuliza.

"Ndiye mimi, mama. Pole sana. Naomba nione mkono."

Esta alinyoosha mkono. Kovu lilikata kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vidole viwili vilisimama vyenyewe, vikavu. Ikupa aliushika mkono ule na machozi yakamtoka.

"Sitakuficha," alisema. "Vizibo viliruka, tukaambiwa. Badala ya kutafuta sababu, tukafunga waya. Kosa ni letu."

Esta aliurudisha mkono wake mapajani. "Nilikuwa nimekuwekea matusi," alisema. "Ungekana tu, ungeyasikia yote, mpaka ya babu zako."

Mulji alikohoa. "Na mimi niliziweka barazani," alisema. "Nilikiona kizibo kikigonga bati, nikacheka. Nami nitachangia."

Walikaa dukani mchana kutwa. Sedekia aliandika mapatano. Ikupa na Asukile watalipa sehemu kubwa ya fidia, na Mulji sehemu iliyobaki. Ndani yake waliingiza gharama za matibabu, kazi ambayo Esta aliikosa, kazi atakayoikosa mbele, na maumivu aliyoyapata. Sedekia aliwasomea mara mbili, polepole, kila mtu akaelewa. Asukile aliuza baiskeli yake ili malipo ya kwanza yatimie. Aliuza kwa uchungu, tena alitembea kwa miguu mwaka mzima, na hakuacha kulitaja jambo hilo.

Lakini kabla hawajaondoka, Esta aliuliza swali moja.

"Pesa nitapokea, maana watoto wanakula. Ila mnisaidie hapa. Nitajuaje kwamba kesho chupa nyingine haitampasukia mtu mwingine?"

Ikupa aliondoka na swali lile. 

Alirudi Mbeya akasimamisha kazi majuma matatu. Alipunguza hamira na sukari. Kila chupa aliiinua kwenye mwanga, na yenye ufa aliitupa. Waya aliuacha kabisa. Katika kila kreti alichagua chupa moja, akaiweka karibu na jiko la moto siku mbili. Ile ikiruka kizibo, kreti nzima haitoki nyumbani. Tupokigwe, aliyekuwa anasoma shule, aliandika karatasi za kubandika: "Weka mahali pa baridi. Fungua polepole. Inywe ndani ya siku nne tangu kununua." Kwa wale wasiojua kusoma alichora jua na kulikata kwa mstari mwekundu. Mulji naye alichimba shimo nyuma ya duka, akalifunika kwa magunia yaliyolowa maji ili chupa zikae kwenye baridi. Alikubali kufungua chupa moja ya kila kreti kabla ya kuuza.

Shehena ya kwanza ilipokwenda Chimala, Ikupa aliisindikiza mwenyewe. Wateja walikusanyika, lakini walisimama mbali. Hakuna aliyetaka kuwa karibu na chupa zile.

Ikupa alifunika chupa ya kreti ya kwanza kwa kitambaa kinene, akaifungua. Fyuu, kidogo tu. Akainywa yote mbele yao. Kreti ya pili, vilevile. Alipofungua ya kreti ya tatu, kizibo kiliruka na povu likafika begani mwake.

Watu walirudi nyuma.

"Ni moja tu hiyo," Mulji alisema haraka. "Huenda zilizobaki ni nzima. Kreti nzima, mama! Hebu fikiri."

Asukile alimtazama mke wake. Alikuwa amekuja kwa miguu hadi kwenye lori asubuhi ile, na alijua kila senti iliyokuwa ndani ya kreti ile. 

"Huenda ni nzima, huenda si nzima," Ikupa alisema. "Mimi sijui. Na kwa kuwa sijui, siwezi kumpa mtu aishike."

Aliburuta kreti hadi mtaroni. Alifunika chupa moja moja kwa kitambaa, akaifungua, akaimwaga. Asukile akaja kumsaidia. Soda ilitiririka mtaroni, na harufu ya tangawizi ikajaa sokoni. Watu walitazama mpaka chupa ya mwisho.

Esta alikuwa amesimama kati yao. Alikwenda moja kwa moja kwenye kreti ya kwanza, akatoa chupa, akaishika kwa mkono wake wa kulia kwa vidole vitatu vilivyobaki vinakunjika.

"Mama Tupokigwe," alisema, "zile pesa ulinipa kwa sababu ya sheria. Leo ndiyo umenilipa."

Akaifungua polepole, akanywa. Baada yake watu wakaanza kupanga mstari.