Chumba cha Shangazi

Kila asubuhi Sindano aliamka kabla ya watu wote nyumbani. Wazazi wake walidhani ni bidii ya masomo, kumbe alitaka kuwahi choo. Aliingia kwa kunyata, akajifungia, akakaa humo muda mrefu huku ameuma taulo ili asigune. Akimaliza, alimwaga maji ndoo baada ya ndoo mpaka wekundu wote ulipoondoka. Kisha alipiga mswaki, akavaa sare, akatokea sebuleni na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Jina la Sindano alipewa shuleni. Baba yake alikuwa fundi cherehani, duka lake likiwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na yeye mwenyewe alikuwa mwembamba. Wenzake wakaona jina limemkaa. Zamani alilicheka. Lakini siku hizi sketi ilikuwa ikimpwaya. Baba aliibana kiunoni, baada ya muda akaibana tena, na alipoletewa sketi ileile kwa mara nyingine, aliishika mkononi bila kuitia kwenye cherehani.

"Unazidi kufanana na dada yangu," alisema. Papo hapo akajuta, akainama kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea.

Dada huyo wa baba, yaani shangazi, alifariki Sindano akiwa hajaanza shule. Chumba alicholala Sindano ndicho kilichokuwa chake. Picha zake ziliondolewa ukutani, misumari ikabaki. Hakuna aliyemtaja. Mazungumzo yakimkaribia, mama alikumbuka sufuria jikoni, baba akakumbuka mteja. Sindano alibaki na kumbukumbu moja tu: mlango uliofungwa, mama akigonga, na sauti dhaifu ikijibu kutoka ndani, "Ni tumbo tu, wifi. Litapita."

Halikupita.

Sasa Sindano akijilaza ubavu, magoti yamegusa kifua, alihisi godoro limebonyea pale ambapo mtu mwingine aliwahi kujikunja. Siku moja mama alimuuliza mbona hajamaliza kula, akajibu, "Ni tumbo tu." Alishtuka mwenyewe, maana sauti iliyomtoka haikuwa kama yake. Aliamini kwamba kile kilichomchukua shangazi hakikuondoka chumbani, kilikaa kikimngojea. Akikitaja, kitajua kwamba yupo. Akinyamaza, huenda kikamsahau.

Basi alijikaza kisabuni. Shuleni alikaa dawati moja na msichana waliyemwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima. Wakati wa mapumziko Redio alimwaga karanga za pilipili mezani.

"Kula bwana! Au unaringa? Umekonda kama ng'onda, upepo ukija tutakufunga kamba."

Sindano hakutaka kuonekana tofauti. Alikula, akacheka, akala tena. Katikati ya kipindi cha sayansi tumbo likamkaza kama nguo inayokamuliwa. Jasho likamtoka. Alinyanyuka kuomba ruhusa, miguu ikakataa, akaanguka kati ya madawati.

Alipofumbua macho, mwalimu alikuwa amepiga magoti kando yake. Redio, kwa mara ya kwanza, alikuwa kimya.

"Una nini, mwanangu?" mwalimu aliuliza.

"Ni tumbo tu, mwalimu. Litapita."

Mwalimu hakuridhika. Alimwita baba, naye akaja mbio, futi ya kupimia nguo ingali inaning'inia shingoni. Wakaenda moja kwa moja hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Aliuliza maswali mengi, na Sindano akayajibu yaliyo mepesi. Kisha akaulizwa, "Je, umewahi kuona damu kwenye choo?"

Sindano alimtazama baba. Aliona kitu alichokuwa hajawahi kukiona: baba yake alikuwa anaogopa.

"Hapana," akasema.

Baba alivuta pumzi. "Daktari, dada yangu aliulizwa swali hilohilo," alisema taratibu. "Akajibu hapana. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, na nilijua anadanganya, kwa sababu nilikuwa nimeiona. Nikanyamaza ili nisimwaibishe." Akamgeukia binti yake. "Sitanyamaza tena. Lakini wewe ndiye unayejua mwili wako. Sema, mama."

"Ndiyo," Sindano alisema. "Damu ipo. Ipo tangu zamani." Akalia kwa kwikwi, akingojea kile kitu kimsikie na kumjia. Daktari akampa kitambaa na maji ya kunywa.

Vipimo vilichukua muda: damu, choo, na mwishowe kamera ndogo ya kutazama utumbo. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita Sindano na wazazi wake wote wawili.

"Ugonjwa huu unaitwa Crohn," alieleza. "Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaushambulia utumbo wenyewe, nao unavimba na kupata vidonda. Hauambukizi. Haukai kwenye kitanda wala ukutani. Na si kosa la mtu."

"Shangazi yangu alikuwa nao?" Sindano aliuliza.

"Sikumpima, kwa hiyo siwezi kusema. Huenda. Wakati mwingine huonekana kwa watu wa ukoo mmoja. Ninachojua ni kwamba wewe tumekuwahi."

Aliandikiwa dawa, kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, bwana mnene mcheshi. "Usitazame kitambi changu, sikiliza ninachosema," alianza, na mama akacheka bila kutaka. "Chakula hakikuleta ugonjwa huu, na chakula peke yake hakitauponya. Dawa usiache. Ila utumbo wenye vidonda unahitaji kuhurumiwa. Kwa sasa kula vitu laini: wali ulioiva vizuri, viazi na karoti vilivyomenywa na kupondwa, mayai, samaki wa kuchemsha. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Karanga, pilipili na mboga mbichi viweke kando kwanza. Maziwa yakikusumbua, tutayapumzisha, tuone. Halafu tutarudisha kimoja kimoja. Kila mtu na tumbo lake."

Mama alibadilisha mapishi. Sufuria ya Sindano haikuonja pilipili, na chai yake ilikuwa ya rangi. Maumivu yakaanza kulegea. Lakini hofu haikulegea. Kila tonge lilimtia shaka. Aliacha samaki, akaacha mayai, akabaki na uji mwepesi. Kingine alikifunga kwenye karatasi na kukificha chini ya kitanda.

Mchana mmoja mama alifuata harufu mpaka chumbani. Alivivuta vile vifurushi, akakaa kitandani. Sindano alingojea kugombezwa.

"Na yeye alificha hapahapa," mama alisema. "Wifi yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja. Na alipoanza, hakuweza kuacha. Alisimulia jinsi shangazi alivyocheka mpaka majirani wakagonga ukuta, jinsi alivyoimba vibaya na kwa sauti kubwa, jinsi alivyomshonea kaka yake suruali yenye mguu mmoja mrefu, akakana katakata kwamba amekosea. Sindano alisikiliza mdomo wazi. Miaka yote alikuwa akiishi na mgonjwa nyuma ya mlango. Mtu huyu mwingine hakuwa amewahi kutambulishwa kwake.

"Naogopa kula, mama," alisema.

"Kuogopa si dhambi. Ila uniambie, tuogope wote. Njoo."

Siku ileile walirudi kwa mtaalamu wa lishe. "Tunaondoa kinachokuumiza," alisema, safari hii bila mzaha. "Hatuondoi chakula. Mwili usiokula hauponi." Kuanzia hapo mama alikula naye sahani moja, kijiko kwa kijiko. Walijaribu mayai, yakakubali. Walijaribu maziwa, yakakataa. Ndizi mbivu ikawa rafiki. Redio naye alianza kuleta ndizi badala ya karanga, akitangazia darasa zima kwamba ni kwa amri ya daktari.

Mashavu ya Sindano yalianza kujaa. Bado kuna siku aliingia chumbani mwake na kuhisi kama mtu amegeuka kumtazama. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaingia hivyohivyo.

Miezi ilipita. Asubuhi moja, baada ya wiki ya mitihani, maumivu yalirudi. Sindano alikwenda dukani, ambako baba alikuwa anampima mteja mabega.

"Baba, leo tumbo linauma, na nimeona damu kidogo."

Baba alimwomba radhi mteja, akachukua kofia. Hospitalini daktari alibadilisha kipimo cha dawa na kumrudisha kwenye vyakula laini kwa muda. Haikuwa mbaya kama mwanzo.

Walipokuwa wakirudi, baba alipunguza mwendo ili walingane.

"Ugonjwa huu tutaishi nao," alisema. "Kuna siku utakaa kimya, kuna siku utapiga kelele. Lakini wewe usikae kimya kamwe. Dada yangu alituficha kwa sababu alitupenda, na sisi tukamwacha afiche kwa sababu tulimpenda. Mapenzi ya namna hiyo hayamsaidii mgonjwa. Mwili ukikuambia jambo, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Fuata dawa, fuata chakula, na sema kweli hata kama inakutia aibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Walitembea hatua chache.

"Baba, ile suruali ya mguu mmoja mrefu, uliivaa kweli?"

Baba alisimama katikati ya njia. Machozi yalimlengalenga, kisha akaangua kicheko kikubwa mpaka wapita njia wakageuka.

"Mwaka mzima," alisema. "Alinilazimisha!"