Barua Nilizomsomea Kogo

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na Kogo tulichuma chai. Kogo ndiye nyanya yetu, mama mzazi wa baba. Mvua ya kijijini kwetu Kiptere haina adabu hata kidogo. Tulijifunga nailoni kiunoni na bado viatu vilijaa maji. Kogo hakulalamika. Alichuma huku akinihadithia kuhusu mwanawe wa mwisho, baba mdogo Kipchirchir, aliyepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani mwaka wa 1991 kwa sababu ya mbio zake.

Kogo hakujua kusoma. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Londiani, kwa hiyo barua za baba mdogo zilipofika, mimi ndiye niliyemsomea.

Nilikuwa darasa la nne ilipokuja barua mbaya. Baba mdogo alikuwa ameumia goti, na mbio zimekwisha. Kogo alilia siku mbili, hata uji akaukataa. Niliogopa sana. Barua iliyofuata ilisema chuo kimempa kazi ya kufua jezi za timu ya mpira, ule mpira wao wa kukimbizwa mikononi huku wamevaa helmeti, ili aweze kumaliza masomo. Nilimtazama Kogo usoni, nikasema, "Sasa anachezea chuo mpira."

"Na goti?"

"Limepona, Kogo."

Alipiga vigelegele hadi ng'ombe wakashtuka. Laiti ningeishia hapo! Lakini kila barua niliiongezea sukari. Alipoandika kwamba baridi inampasua mikono, nilisoma kwamba amefunga bao tena. Kufikia mwaka wa 1995, Kiptere yote ilimjua Kipchirchir mchezaji hodari. Wavulana wa shule walijaza masweta mabegani na kugongana kama wazimu, eti wanacheza mpira wake.

Desemba hiyo akarudi. Kogo alikata sinendet, ule mmea anaovishwa mshindi shingoni, akatayarisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya heshima. Majirani walijaa uani. Baba mdogo alifika akichechemea, na kabla hajafungua mdomo alikuwa amekwisha kuvishwa. Alitutazama kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

Mkononi alikuwa na kitabu kikubwa, historia ya timu ile, zawadi aliyopewa siku ya kuaga. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ongeri, alikichukua kwa furaha.

"Chepkurui, wewe ndiye msomaji wetu. Hebu tusomee na kututafsiria."

Nikasimama. Nilisoma kwamba timu ilianza mwaka wa 1896, vijana wakivaa kofia za ngozi. Mwaka wa 1924 ilishindwa mechi zote. Mwaka wa 1943 haikucheza hata moja, maana wachezaji walikuwa vitani.

"Ruka hao, tufikie wetu!" akaita mzee mmoja, na watu wakacheka.

Nikafungua mwaka wa 1993. Kulikuwa na picha ya timu na majina hamsini na mawili. Nilipitisha kidole kwenye kila jina. Jina la baba mdogo halikuwamo.

"Soma basi!" rafiki yangu Aoko alininong'oneza.

Ningeweza kudanganya tena. Nani angejua? Lakini baba mdogo alikuwa mbele yangu, sinendet shingoni, na nikaona kwamba sasa ameelewa. Hakunikemea. Uso wake ulinyong'onyea tu, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

"Hayumo," nikasema. "Hakucheza hata siku moja. Alikuwa akifua jezi. Mimi ndiye niliyedanganya."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Baba mdogo alivua sinendet, akaiweka juu ya kitabu. Majirani walianza kuaga mmoja mmoja, na kibuyu kikabaki hakijaguswa.

Jua lilipoelekea kutua, Kogo alitoa barua zote kwenye mkebe wake. Aliketi karibu na baba mdogo jikoni.

"Soma," aliniambia. "Soma kama zilivyoandikwa."

Nilisoma moja baada ya nyingine. Theluji, goti, mikono iliyopasuka kwa sabuni, sikukuu alizokaa peke yake chumbani. Na kila barua tangu ile ya kufua jezi ilimalizika kwa maneno ambayo sikuwahi kumsomea Kogo: "Mama, nimelemewa. Niombee."

Kogo alizikusanya barua mapajani.

"Miaka mitatu mwanangu ananililia," alisema, "na mimi napiga vigelegele."

"Kogo, nilitaka usilie."

"Machozi hayo yalikuwa yangu, Chepkurui. Nani alikutuma uninyang'anye? Ulinificha ukweli ili nisiumie, na mwanangu akaumia bila mama. Uongo wa huruma bado ni uongo, na kuna mtu anaulipia. Ukipewa maneno ya mtu uyafikishe, yafikishe yote, hata yale yanayochoma."

"Nisamehe, Kogo. Nisamehe, baba mdogo."

Baba mdogo aliniwekea mkono kichwani. Kogo akamimina mursik, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa. Niliyaweka kwa ajili ya mwanangu. Mchezaji simjui."

Akanywa yote. Ndipo Kogo akaanza kulia, kilio cha miaka mitatu, na safari hii sikumnyamazisha.