Hodi Isiyo na Mdomo

Midomo ya mdogo wake Inspekta ilisema, "Dada, usiondoke."

Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni, akijikuna kidevu. Alimsikiliza mkewe, kisha akamgeukia mgeni na kuongea polepole, jinsi watu wanavyoongea na viziwi, kana kwamba kiziwi ni mtu aliyetoka usingizini. "Anasema uende zako. Hataki kukuona."

Inspekta alitoa simu mfukoni. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa tayari ni polisi. Wakubwa zake walipotaka akapange mafaili, aliwagomea, akajifunza kusoma midomo mpaka wahalifu wakawa wanaongea mbele yake wameziba vinywa kwa viganja. Midomo haikuwa imewahi kumdanganya. Waume za watu ndio waliomdanganya, tena sana. Akaandika kwenye simu na kumwonyesha shemeji: *Shemeji, unatafsiri au unatunga?*

"Haki ya Mungu, ndicho anachosema! Wiki nzima ananifukuza kama mbwa."

Kuongea Inspekta alikuwa anaweza. Ila alipotoka hospitali, shemeji huyu huyu, kwa utani wa mashemeji, alisema sauti yake imekuwa ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Meza nzima ikacheka, naye akakiona kile kicheko kwenye meno yao. Tangu siku hiyo mdomo wake ulibaki wa kulia chakula tu.

Akampita shemeji, akaingia chumba cha kushonea. Jua la mchana lilijaa dirishani. Sare za shule zilirundikwa mpaka juu, na mdogo wake alikaa nyuma ya cherehani, mikono juu ya kitambaa, miguu mbali na pedali. Sindano ilikuwa imesimama. Lakini sakafu ilitetemeka chini ya nyayo za Inspekta, kama cherehani inakwenda kwa kasi, na ndani ya harufu ya mafuta ya mashine mlikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Simu yake ilikuwa na programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Hakuipenda, maana ilimwandikia upuuzi wa kila mtu bila kuchagua. Akaiwasha, akaiweka juu ya cherehani na kumwashiria mdogo wake aseme.

Midomo ikasema: "Nilisikia hodi nikiwa nashona. Nikajua ni mteja, nikajibu karibu bila kugeuka. Nilipogeuka, hakuna mtu."

Kioo cha simu kikaandika: *Mwambie huyu kiziwi atoke.*

Kwa hiyo shemeji hakuwa mwongo. Inspekta aliona aibu kidogo, si nyingi. Akaweka kidole mdomoni: wote kimya. Mdogo wake akaibana midomo mpaka ikawa myeupe. Shemeji akajiziba kinywa kwa mikono miwili.

*hodi*, simu ikaandika. *hodi. hodi, Inspekta. Mwenzako alinikaribisha vizuri.*

Akaisoma, na mtetemo ukampanda kutoka nyayo mpaka magotini, ukapita kiunoni na kutulia kwenye meno, na mbele ya macho yake uzi ukaanza kujivuta wenyewe kutoka kwenye kigurudumu chake, ukipita katikati ya vidole vya mdogo wake, ukimzunguka shingo taratibu kama fundi anayempima mteja, huku sindano bado imesimama na shemeji ameteleza ukutani, akimwita mama yake aliyekwisha kufa.

"Aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza," midomo ya mdogo wake ilisema haraka. "Lakini sauti yangu anayo yeye. Kila nikisema toka, linatoka karibu."

Inspekta alivuta pumzi. "Basi sema," akasema kwa sauti. "Nitakusemea."

*Mbuzi huyo!* simu ikaandika. *Kabanwa na mlango! ha ha ha*

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Na mbuzi ndiye atakayekutoa."

Akayakazia macho midomo ya mdogo wake, akawa anatamka neno kwa neno, hajui kama anapiga kelele au ananong'ona, na hajali: "Mimi ndiye mwenye chumba hiki. Nilikukaribisha bila kukutazama. Sasa nimekutazama. Toka!"

*karibu karibu karibu karibu*

"Toka nimesema! Toka!"

Sindano ikakatika. Uzi ukalegea na kuanguka mapajani. Sakafu ikawa sakafu.

Midomo ya mdogo wake ikasema, "Dada." Kioo kikaandika, *Dada.* Wakakumbatiana hapo hapo, katikati ya sare za watoto wa watu.

Shemeji akajikokota kutoka ukutani. "Shemeji, ile sauti yako..."

"Malizia."

"Nzuri sana."

"Mwongo," alisema Inspekta. "Lakini uizoee."

Kesho yake asubuhi alikuwa peke yake ofisini, mlango umefungwa, chai mkononi. Simu ikawaka.

*hodi*

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Meza ikaanza kutetemeka chini ya kiwiko chake, na chai ikachora duara ndani ya kikombe.

*hodi. hodi.*

Akaweka kikombe mezani. Kisha akaifunika simu kifudifudi, akakiweka kiwiko pale pale kwenye mtetemo, akasema kwa ile sauti yake, korido nzima isikie:

"Piga hodi mpaka koo likukauke. Mimi kiziwi."